Krismasi Ugenini: Wazee Waliobaki Wengine Walipokwenda Nyumbani



Waliotayarisha gazeti hili la kumbukumbu waliniomba niandike kidogo juu ya historia ya wamishonari katika nchi zetu. Nilipokaa na kalamu niliona tarehe nyingi sana: kituo fulani kilifunguliwa lini, kanisa fulani liliezekwa lini, nani alikuwa mwangalizi wa kwanza. Tarehe hizo zimo kwenye kurasa nyingine, sina haja ya kuzirudia. Nimeona niandike juu ya siku moja tu ya mwaka, tarehe 25 Desemba, na juu ya watu wa namna moja tu: mume na mke waliokwisha kula chumvi nyingi, wanaotumika katika nchi isiyo yao, na siku hiyo inawakuta hukohuko.

Naandika kama mtu anayeyajua mambo haya kutoka ndani. Mimi na mama watoto tumekula Krismasi kadhaa ng'ambo ya ziwa, na tulikwenda huko wakati nywele zimeshabadilika rangi.

SIKU AMBAYO KILA MTU ANAKWENDA KWAO

Ndugu msomaji, wewe unaijua Desemba ya kwetu. Kuanzia tarehe 15 hivi mabasi ya Dar es Salaam yanajaa watu wa kwenda Kilimanjaro, Mbeya na Kigoma. Nairobi nayo inamwaga watu wake kuelekea Magharibi na Nyanza. Kampala inabaki nusu. Nauli inapanda, mtu analala kituoni na gunia lake la mchele, lakini lazima afike. Mtu anaweza kukosa nyumbani mwaka mzima akasamehewa. Akikosa Krismasi, wazee wanauliza, "Huyu amepatwa na nini?"

Kwa hiyo anayebaki ugenini siku hiyo anaonekana. Wenyeji wanamwona kwamba amebaki, na kwao wanamwona kwamba hakuja. Kijana akibaki watu husema ni masomo au kazi. Lakini mzee na mke wake, ambao ndio wanaopaswa kukaa barazani wakisubiri watoto na wajukuu waje, wakibaki mbali, hapo pana swali. Nyumba yao ndiyo ambayo wengine wote huijia. Wakiifunga, ukoo mzima unakosa pa kukutania.

Hata hivyo tukiifungua Biblia tunaona kwamba jambo hili si geni. Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na Sara alikuwa naye njiani. Akila na Prisila walifukuzwa Rumi, wakakaa Korintho, wakaenda Efeso, na kila walipofika nyumba yao iligeuka kuwa kanisa. Na Krismasi yenyewe ni habari ya mume na mke waliokuwa mbali na Nazareti, nyumba ya wageni imejaa, halafu kabla mtoto hajakua wakakimbilia Misri.

WA KWANZA KATIKA PWANI YETU

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwezi Mei 1844 pamoja na mke wake Rosine. Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike naye akafa. Watu wengi wamesoma habari hiyo, lakini wachache wamefikiria Desemba iliyofuata. Krismasi ya 1844 ilimkuta Krapf Mombasa peke yake, kaburi la mkewe likiwa ng'ambo ya maji upande wa bara, na mbele yake kurasa za lugha aliyokuwa bado anajifunza. Hakufungasha virago.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, naye ni Mjerumani, na Agosti mwaka huohuo wakafungua kituo Rabai. Huyu Rebmann hakurudi Ulaya hadi mwaka 1875. Hesabu mwenyewe: ni Krismasi 29. Mwaka 1851 alimwoa Emma, mwanamke wa Kiingereza, wakakaa pamoja miaka 15. Mwaka 1866 Emma akafa hukuhuku pwani. Rebmann akaendelea, macho yakapungua, akawa kipofu kabisa. Alipoondoka, kijana wa Rabai aliyeitwa Isaac Nyondo alimsindikiza hadi Ulaya. Mzee yule aliishi mwaka mmoja tu baada ya kurudi.

Nikisoma habari za Rebmann huwa nasikia watu wakihesabu walioongoka, nao walikuwa wachache mno. Mimi naangalia jambo lingine. Nani alimshika mkono? Ni kijana wa Rabai. Mtu akila Krismasi 29 ugenini, watu wa huko hawamwachi aondoke akipapasa njia peke yake.

WAPENTEKOSTE WANAINGIA

Sasa tuje kwa wale wanaotuhusu zaidi. Mwaka 1913 Karl Wittich na mke wake Marion walitoka Kanada wakaja katika koloni la Wajerumani, Tanganyika ya baadaye. Karl hakumaliza hata mwaka, akafa. Wengi walitegemea mjane arudi kwao. Marion akabaki, vita kuu ya kwanza ikamkuta huku. Mwaka 1918 aliolewa na Otto Keller, na baadaye kazi yao ikawa Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, wakishirikiana na Wapentekoste wa Kanada. Walizeeka Nyang'ori. Otto alifariki mwaka 1942, na Marion aliendelea na kazi kwa muda akiwa mjane kwa mara ya pili. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Kenya yanajua kwamba mizizi yao inapita katika boma lile.

Upande wa Kongo, mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza. Ndugu wa Tanzania msichanganyikiwe: hii ni Mwanza Sanga ya Katanga, siyo ya Ziwa Viktoria. Burton alimwoa Hettie mwaka 1918, na alikaa Kongo mpaka uhuru mwaka 1960. Alikuja akiwa kijana wa chini ya miaka 30, akaondoka akiwa na zaidi ya 70.

Na mwaka 1921 Wapentekoste kutoka Uswidi walifungua kazi Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Kutoka huko injili ikavuka kwenda Burundi, kituo cha Kiremba kikafunguliwa mwaka 1935, na mwaka 1940 ikafika Gihundwe, Rwanda. Angalia ramani: Uvira, Kiremba, Gihundwe. Nchi tatu, na kazi moja. Kabla hatujauita huu "ushirika wa mipaka", ulikuwepo.

Lakini pana jambo linanisumbua katika historia hii. Majina ya wageni yameandikwa. Majina ya wainjilisti wengi Waafrika waliowatangulia njiani, waliowatafsiria na kuwabebea mizigo, hayakuandikwa, na ya wake zao ndiyo kabisa. Hata kwa wageni, mara nyingi mume ana sura nzima kitabuni na mke ana mstari mmoja: aliolewa mwaka fulani, alikufa mwaka fulani. Jamani, nani alipika Krismasi hizo zote?

WATU WETU WENYEWE NAO WALIVUKA

Tusifikiri mmishonari ni mtu mweupe tu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Alipofariki mwaka 1933 alikuwa ameacha agizo kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako kazi ilikuwa bado. Hata kaburini hakutaka kuangalia kwao.

Mwaka huohuo wa 1933, Gahini, mashariki mwa Rwanda, palikuwa na watu kutoka Uganda wakitumika hospitalini na shuleni. Mmoja ni Blasio Kigozi, mwalimu, Mganda. Mwingine ni Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, aliyekuwa hospitalini pamoja na mkewe Dorokasi. Yosiya huyu miaka miwili nyuma alikuwa amechoka na kazi, anataka kuondoka. Aligusana na Roho Mtakatifu akabaki. Siku chache baada ya Krismasi ya 1933 walifanya mkutano wa kujifunza Biblia. Mkutano ulikuwa wa kawaida, hata wengine walivunjika moyo. Ndipo katika maombi ya mwisho watu wakaanza kutubu, mmoja baada ya mwingine, kwa saa nyingi. Wengi huhesabu siku hiyo kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulipita Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Huwa najiuliza: ingekuwaje kama wale Waganda na Wanyankole wangesema, "Ni Krismasi, twende kwetu, mkutano tutaufanya Januari"?

KRISMASI ZA MACHOZI

Sitaki kuwadanganya vijana kwamba kubaki ni jambo jepesi. Novemba 1960 wamishonari wawili wa ile kazi ya Burton, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa Katanga. Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, J. W. Tucker aliuawa Paulis, mji tunaouita Isiro leo, baada ya kutumika Kongo zaidi ya miaka 20. Mke wake Angeline na watoto wao waliokolewa. Mara zote mbili Krismasi ilifika mwezi mmoja baadaye. Kuna nyumba ambazo mwaka ule hazikuimba.

Septemba 1977 Idi Amin alipiga marufuku makundi 27 ya dini Uganda, na Wapentekoste walikuwamo. Krismasi ya mwaka huo na ya mwaka uliofuata waliimba kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, mtoto mmoja amewekwa nje kuangalia. Mwaka huohuo wa 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwezi Februari, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Ni Krismasi sita. Ndugu wa Namanga, Sirari na Taveta wanaweza kukwambia maana yake: shangazi yuko pale, unauona moshi wa jiko lake, na huwezi kwenda kula naye.

WAZEE WAWILI WA KIGOMA

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mwaka 1996 vita vilipowaka Kongo, watu walivuka ziwa kwa maboti na mitumbwi. Walifika ufukweni wamelowa, wengine na sufuria moja, wengine na mtoto tu. Mwaka huo ndio kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kule Kasulu.

Miongoni mwao walikuwa mzee mmoja na mkewe. Majina yao nayahifadhi, maana wana watoto na wajukuu. Kule kwao mzee alikuwa mwalimu wa kwaya, na mama alikuwa kiongozi wa akina mama. Walifika kanisani kwetu Desemba, siku za maandalizi. Tuliwatafutia mkeka na blanketi, tukafikiri tumemaliza. Kumbe Jumamosi mzee yule alikaa nyuma kabisa akisikiliza kwaya yetu, halafu akaomba ruhusa kwa adabu, akasema, "Baba Mchungaji, hii sauti ya pili inapotea. Munaweza kunipa siku tatu?"

Tukampa siku tatu. Siku ya Krismasi watu walisimama nje ya madirisha kusikiliza. Na mama yule, ambaye hakuwa na kitu, alizunguka nyumba za wajane wetu kuwaombea, mguu kwa mguu, na kanga aliyopewa.

Hawakutumwa na bodi wala barua ya utambulisho. Walikuwa wakimbizi. Lakini ukiniuliza ni nani walikuwa wamishonari wa kanisa letu miaka ile, nitakwambia ni hao. Hawakuwahi kurudi kwao. Mzee alituachia kwaya, na mama alituachia maombi ya Alhamisi ambayo yapo mpaka leo.

Tulipostaafu na kuombwa kwenda kutumika Uvira, mke wangu ndiye aliyeitikia kwanza. Alisema, "Mzee, lile ni deni."

SISI NG'AMBO YA ZIWA

Tulifika Uvira mwaka mmoja kabla ya mafuriko. Ziwa ni lilelile tulilozaliwa nalo, lakini mambo yana majina mengine. Samaki tunayemwita mgebuka Kigoma, upande wa Uvira na Bujumbura ni mukeke. Kisamvu ni sombe. Dagaa ni ndagala. Krismasi ni Noeli, na mwaka mpya ni bonane. Miezi ya kwanza nilikuwa nasimama madhabahuni nasema Kiswahili changu cha Kigoma, watu wanaitikia amina kwa heshima, halafu baadaye mtu ananiuliza nilimaanisha nini.

Desemba ya kwanza nilimweleza mzee mmoja wa kanisa kwamba tunafikiria kwenda nyumbani wiki moja. Si mbali, unavuka Kavimvira, unaingia Burundi, unashuka mpaka Kigoma. Hakukataa. Aliniambia taratibu, "Baba, wageni wote wanakwendaka kwao ku Noeli. Nyie mukibakia, tutajua muko watu wa hapa."

Tukabaki.

Usiku wa mkesha kanisa lilijaa. Kwaya zilipanda moja baada ya nyingine, akina mama wamevaa vitenge vya sare. Ilipofika saa tano usiku simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ni wajukuu. Saa ya Kigoma iko mbele ya saa ya Uvira kwa saa moja, kwa hiyo kwao Krismasi ilikuwa imeshaingia, kwetu bado. Nikatoka nje. Mtoto akasema, "Babu, huku ni Krismasi tayari, nyinyi mmechelewa. Bibi yuko wapi? Mnakuja lini?" Nikamwita bibi yake. Alizungumza nao, akacheka, akakata simu, akakaa nje gizani kidogo kabla ya kurudi ndani. Hiyo saa moja ya tofauti, wapendwa, ni ndefu. Nyumbani wameshaanza kushangilia, wewe bado unasubiri, na hapo katikati moyo unaenda huku na huku.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha, mto Mulongwe ukatoka njia yake. Asubuhi mitaa mizima ilikuwa mawe na tope. Watu walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba. Washirika wetu wengi walihamia kwa ndugu, wengine chini ya maturubai. Na huo ndio ulikuwa mwaka wa korona, masharti ya mipaka yanabadilika kila mara, leo pamefunguliwa, kesho hujui.

Siku tatu kabla ya Krismasi ya mwaka huo tulipigiwa simu. Dada mkubwa wa mke wangu, aliyemlea baada ya mama yao kufa, amefariki Kigoma. Mazishi ni kesho. Tulihesabu saa, tukahesabu vipimo na vibali na magari, hesabu haikukubali. Mke wangu alikaa chini sakafuni, akavua viatu, akalia.

Mimi ni mchungaji, nimefariji watu miaka zaidi ya 30. Siku ile sikuwa na neno.

Kabla ya jua kuzama akina mama walianza kuingia. Hakuna aliyewaita. Walikuja na mikeka. Wengi wao walikuwa wale wa mafuriko, mtu ambaye nyumba yake ilikwenda na maji anakuja kulala katika nyumba yetu ili dada yake asilie peke yake. Walikaa siku tatu. Walipika ugali na ndagala walizochangishana, sijui walizitoa wapi. Usiku wa mkesha nilifikiri wataenda kanisani. Badala yake kwaya ndiyo iliyokuja kwetu. Waliimba uani, siyo kwa ngoma, kwa sauti tupu, mpaka usiku wa manane. Krismasi ya mwaka huo ilikuwa ni msiba wetu, na msiba wetu ukawa Krismasi ya kanisa.

Tangu siku hiyo sikusikia tena mtu wa pale akituita wageni.

Na upande wa pili? Hapa naandika kwa ruhusa ya mke wangu, aliyenisomea rasimu hii na kuisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwamba tulivumilia kwa furaha. Akaniambia, "Usiandike kama tulikuwa malaika. Andika kwamba nilitaka kurudi. Andika pia kwamba hawakupiga simu." Basi naandika. Kanisa lililotutuma halikupiga simu Krismasi ile. Rambirambi zilifika Januari, katikati ya barua iliyohusu taarifa ya fedha. Sitaji kanisa, na sina neno nalo leo. Viongozi walitubu tukakumbatiana. Lakini naona nisipoliandika, litawapata na wengine.

HISTORIA HII INATUDAI NINI

Nimesema habari za watu wengi, kuanzia Rabai hadi Uvira. Nikiziweka pamoja naona neno moja. Kituo hufunguliwa kwa barua, kwa kibali na kwa fedha. Lakini wenyeji humfungulia mtu mioyo siku ile wanapoona kwamba sikukuu imefika naye hakuondoka, na zaidi pale anapokubali yeye mwenyewe kufarijiwa nao. Sisi tulifikiri tumekwenda Uvira kutoa. Kilichotuingiza ndani ya watu wale ni siku tuliyokuwa hatuna cha kutoa.

Wazee wanafaa kwa kazi hii. Hawana ada za shule za kutafuta, hawana haraka ya cheo, na kwa desturi zetu mvi zinafungua milango ambayo digrii haifungui. Mama mtu mzima anaingia jikoni kwa watu anapokelewa kama mama. Lakini tusiwatumie kwa sababu tu hawalalamiki. Mzee ana shinikizo la damu, ana miguu, ana ndugu zake wa rika moja ambao ndio wanaokufa miaka hii. Kila Desemba inayopita ugenini ana hesabu yake moyoni: nani nitamkuta?

Kwa hiyo, tunaposherehekea, naomba mambo matatu kwa ushirika wetu.

Kwanza, kila kanisa linalotuma liteue mtu mmoja wa kuwapigia simu watumishi hao mkesha wa Krismasi. Isiwe ujumbe wa kusambaza kwa watu mia. Ni sauti ya mtu, na aombe na mke pia, siyo na mume tu.

Pili, tuwe na mfuko mdogo wa nauli ya misiba. Mtumishi akifiwa na mzazi, mtoto au aliyemlea, asianze kukopa kituoni. Kama mipaka imefungwa, ndugu wa upande wa pili wakamwakilishe mazishini, wasimame na kutajwa.

Tatu, tuandike majina. Kila tawi liandike wanandoa waliokuja kutumika kwao kutoka nchi nyingine, waliotumwa na waliokimbia vita, mume na mke wote wawili, na Krismasi ngapi walikula pale. Tukifanya hivyo, kwenye maadhimisho yajayo gazeti hili litakuwa na kurasa ambazo hazipo popote.

Mwaka huu sisi tuko Kigoma. Wajukuu watajaa nyumbani, pilau itapikwa, na mgebuka hatakosekana. Lakini mke wangu ameshaniagiza ninunue vocha ya kutosha. Saa sita usiku tutashangilia na watoto, na saa moja baadaye, watakapoingia Krismasi ng'ambo, atapiga simu Uvira awatakie Noeli njema. Amesema safari hii sisi ndio tutakaosubiri.

Bwana awabariki wote mtakaokuwa mbali na kwenu siku hiyo, na awabariki watakaowafungulia mlango. Amina.